Kuku Wetu Wanakula Panya

Ibaba, Jumamosi, 6 Juni 2009

Hili sijamwambia mtu, na sina mpango wa kumwambia: leo Baba kanipa karatasi nimsomee, nikasoma mistari mitatu, wa nne nikauruka.

Naandika nyuma ya daftari la Baiolojia. Mbele ni Kiingereza kitupu na mchoro wa utumbo, kwa hiyo mtu wa nyumbani akilifungua atalifunga mwenyewe. Likizo ni mwezi mzima na hapa hakuna wa kuongea naye. Hata angekuwepo, nisingeongea.

Ilikuwa hivi. Baba karudi kutoka Tunduma mchana na kipakiti cha sumu ya panya. Mwaka huu mahindi yamekubali, na panya nao wamekubali. Ndani ya kihenge wanatembea bila haraka, kama waliolima wao. Sumu kainunua kwa mama mmoja wa Nakonde, Mzambia, ambaye Kiswahili chake hakikutosha kueleza matumizi. Neno lake moja tu ndilo lililobaki kichwani kwa Baba, "natotela", yaani asante, na tangu ashuke kwenye gari analirudia, anamshukuru hata mbuzi.

"Tumpe, njoo hapa," akaniita. "Mwaka wa tatu huu nalipa karo. Hebu hicho Kizungu chako leo kinifae."

Wote walikuwepo uani. Shangazi Ketrina, dada yake Baba, ambaye tangu Mama afariki ndiye mwenye jiko na mwenye kauli. Na wifi Kabula, mke wa kaka yangu Yonathani, amesimama na ndoo ya maji kichwani bila kuitua, naye anasikiliza. Yonathani mwenyewe anapakia malori huko Tunduma. Nyumbani huja sauti yake tu, kwa simu.

Nikasoma. Wa kwanza: usiguse kwa mkono mtupu. Wa pili: iweke wanapopita panya, wasipofika watoto. Wa tatu: panya atakufa baada ya siku tatu hadi tano. Wa nne ulikuwa mrefu, maandishi madogo, na maneno mawili ndani yake sikuyajua. Mimi, niliyepewa kikombe cha bati mbele ya shule nzima kwa kuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Joto likanipanda shingoni, lile lile linalonipanda mwalimu akitaja jina langu. Shangazi alikuwa ananitazama mdomoni kama anayesubiri jino lidondoke.

"Endelea," Baba akasema.

"Imeisha."

"Natotela," akasema, akanishika kichwani. Hapo ndipo paliponiuma.

Sumu yenyewe ni punje za pinki, zinapendeza kama pipi. Baba kaziweka juu ndani ya kihenge, chini ya makopo aliyoyatoboa matundu ya panya, ili kuku wasizifikie. Ni mtu mwangalifu, Baba. Karatasi alipoitupa nimeiokota. Nimeibandika hapa kwa uji.

Kamusi ninayo. Nitaifungua kesho.


Jumapili, 7 Juni

Kanisani. Ukungu hadi saa tano. Kamusi sijaifungua.


Jumanne, 9 Juni

Tangu Januari nimekuwa nikiandika vitu wanavyokamata kuku wetu, kwa sababu mwalimu wa Baiolojia alituambia tuchague mnyama mmoja tumtazame hadi mwisho wa mwaka. Wenzangu walichagua ng'ombe, maana ng'ombe hakimbii. Orodha yangu hadi sasa: vyura kumi na mmoja, mijusi sijui mingapi, fuko mchanga mmoja, nyoka mmoja mwembamba kama kamba ya kiatu (Machi 21, siku ya mvua kubwa), na vipanya vya shambani. Watu wanadhani kuku anaokota tu. Kuku anawinda, na anajua anachofanya.

Anayeongoza ni tetea mwekundu, kishingo, shingo yake tupu kama ya mzee aliyevua skafu. Leo asubuhi panya alitoka kihengeni kweupe kabisa, anayumba kama mtu wa kilabuni. Tetea hakumkimbilia. Aliinamisha kichwa, akasimama kwa mguu mmoja, akamtazama kwa jicho la kulia, halafu la kushoto. Kisha akamdonoa mara tatu, harakaharaka, akambeba, akampigapiga kwenye jiwe la kusagia. Wenzake wanne wakamfukuza uwanja mzima kama watu wa stendi wanaomfukuza mwizi. Akakimbia huku anameza. Kichwa kwanza. Mwishowe mkia ukabaki unaning'inia mdomoni kama uzi kwenye sindano, akatikisa shingo, ukapotea.

Kabula alicheka hadi akakaa chini. "Kwetu Momba, wifi, kuku alimeza nyoka, mkia ukabaki nje unatukonyeza."

"Mwongo."

"Muulize baba yangu siku akija. Yeye hajui kusema uongo, ndiyo maana ng'ombe wake wanakonda."

Baba naye aliona. "Paka wa nini sasa?" akasema. "Mimi nina kikosi." Akampa tetea cheo hapohapo: Komando.

Nikacheka na mimi. Halafu nikakumbuka karatasi, nikaingia ndani, nikafungua kamusi.

Neno la kwanza maana yake ni mizoga. La pili ni ndege wafugwao, yaani kuku na bata. Mstari wa nne unasema hivi: Okota mizoga na uizike kila siku, kuku au mbwa akila panya aliyekufa kwa sumu hii atadhurika, na nyama yake isiliwe.

Baba akirudi shamba namwambia.


Jumatano, 10 Juni

Sikumwambia.


Alhamisi, 11 Juni

Sikumwambia. Badala yake nimeamka kabla ya banda kufunguliwa, nimezunguka kihenge na koleo. Panya saba. Nimewazika kwenye migomba. Nilipofungua banda, Komando alikuja moja kwa moja pale nilipowaokotea, akapatazama, kisha akanitazama mimi. Mchana yule tetea mweusi alimkamata mmoja niliyemkosa. Nilimrushia kijiti. Alimeza akiwa anakimbia.


Ijumaa, 12 Juni

Panya wanne mimi, wawili kuku.


Jumapili, 14 Juni

Nimeanza ukurasa huu mara mbili nikauchana.

Baada ya ibada alikuja Baba mkubwa Andongwisye, kaka mkubwa wa Baba, kutoka Itumba, na wazee wawili wa kanisa, bila taarifa, kama ilivyo haki ya wakubwa. Baba akaagiza kuku. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Achinjwe yule jogoo mdogo."

"Jogoo mdogo ana nini, mifupa?" Shangazi akasema. "Mkamateni huyo mweusi."

Kabula akamshika, Baba akachinja, mimi nikanyonyoa na kukatakata. Kwetu firigisi hailiwi ovyo. Inakaa juu ya nyama, katikati ya sahani, ionekane kabla ya kitu kingine chochote, na sahani inawekwa mbele ya mkubwa kuliko wote. Yeye ndiye anayeila, au akipenda anammegea mtoto. Mwanamke haigusi kwa meno. Shangazi husema mwanamke akila firigisi ataanza kumjibu mume. Nilikuwa nacheka nikisikia hilo. Leo sijacheka.

Nilipoipasua, ndani kulikuwa na changarawe, punje za mahindi, mkia uliokunjwa mara mbili, na ute wa pinki.

Nilipaswa kupiga kelele. Watu wengine wanapiga kelele kwa ajili ya mende. Wageni walikuwa sebuleni wanaomba, Baba anasikika akisema "Amina" kwa furaha. Nilichofanya ni hiki: firigisi, ini na utumbo wote nilivifunga kwenye jani la mgomba nikavizika kwenye shimo la majivu nyuma ya choo. Nyama nikaiosha mara tano. Mara tano, kana kwamba sumu ni tope! Nikamkabidhi Kabula apike. Kabula akapika, akapakua, akabeba sahani, akapiga magoti, akaiweka mbele ya Baba mkubwa.



Baba mkubwa aligeuza nyama kwa kidole. Akageuza tena. "Huyu kuku," akasema taratibu, "alizaliwa bila firigisi?"

Wazee wa kanisa wakacheka kidogo, wakaona mwenyewe hacheki, wakaacha.

"Nina miaka sitini na nane. Nimekula kwa watu wenye shida, nimekula kwenye misiba. Sijaletewa kuku wa namna hii. Osea mdogo wangu, kama ukubwa wangu umeisha hapa nyumbani, ungeniambia kwa mdomo."

Baba aliinama. Sijawahi kumwona Baba akiinama vile isipokuwa makaburini. Akaita jikoni. Shangazi akaja, akatazama sahani, akamtazama Kabula. Mimi hakunitazama. Mimi ni yule wa kimya.

"Nani kapika?"

"Mimi, Shangazi."

"Nani kabeba?"

"Mimi."

"Basi tumbo lako linajua."

Kabula akafungua mdomo, akageuza macho mlangoni nilikosimama. Mikono yangu ilikuwa na majivu hadi viwikoni. Akaiona. Akafunga mdomo.

Wakala. Mimi nimesimama nyuma ya mlango natazama kila tonge linavyoingia: Baba mkubwa, wazee wawili, Baba. Nilisali wachague mchuzi. Kisha nikakumbuka mchuzi umetoka wapi.


Jumatatu, 15 Juni

Wote wazima. Baba mkubwa kalala akikoroma, kaamka akilalamika, sijawahi kusikia muziki mzuri kama huo. Kaondoka kwa pikipiki. Kabla ya kupanda kamwambia Baba, "Mkwe asiye na heshima hurudishwa akafundwe upya. Mwite baba yake." Baba kasema ataita.

Nimemwaga makopo yote ya sumu chooni Baba alipokwenda shamba. Najua imechelewa. Panya waliokwisha kula watakufa tu, na Komando hajui tofauti.


Alhamisi, 18 Juni

Tumepukuchua mahindi kutwa nzima, mimi na Kabula, ukungu umekaa uani kama mgeni asiyeaga. Shangazi hamwagizi tena Kabula chumvi wala sahani. Anamwagiza kuni tu.

Tulipobaki wawili, Kabula akaniambia bila kuinua macho, "Wifi, ilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Firigisi."

Nikatikisa kichwa. Akacheka, cheko la chinichini. "Mimi nikiwa mdogo niliiba ya bibi. Nilichapwa hadi nikaapa sitaila tena maishani. Ilikuwa tamu sana lakini."

"Kwa nini hukusema kuwa ni mimi?"

Akapukuchua gunzi zima kabla ya kunijibu. "Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Mimi nimefika mwaka jana na lugha yenu naisikia nusu. Nikisema ni wewe, nitakuwa mwizi na mwongo. Bora mwizi tu."

Hapo ningeweza kumwambia yote. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Samahani, wifi." Akadhani namwomba radhi kwa ulafi, akanirushia punje ya mahindi usoni, akasema yamekwisha.

Nilikuwa nadhani Kabula ni mtu wa kelele na vicheko. Sikujua ana chumba ndani yake kinachofungwa vizuri kuliko changu.


Jumamosi, 20 Juni

Askari kafa. Mbwa wetu. Nimemkuta nyuma ya choo, damu puani, na shimo la majivu limefukuliwa. Jani la mgomba limechanika vipande. Mabaki nimeyafukia kwanza, kwa kina cha mkono mzima, kisha Askari tumemzika mimi na Baba. Baba alilia kidogo akasingizia moshi.

"Kwanza firigisi, sasa mbwa," Shangazi akasema uani kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Nyumba hii imeingiliwa."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja.


Jumatatu, 22 Juni

Yonathani kapiga simu. Baba kaweka sauti ya nje, tukasikia wote. "Amueni ninyi wakubwa, mimi huku kazi nyingi." Kabula alikuwa hatua tatu kutoka kwenye simu. Kaka yangu ambaye nilikuwa nahesabu siku za yeye kurudi! Nilimkumbuka Komando alivyobanwa na wenzake wanne na panya mdomoni, hakuachia. Kuku ana ubishi kuliko yeye.


Jumanne, 23 Juni

Upepo. Kupukuchua.


Jumatano, 24 Juni

Komando hajatoka bandani. Kajikunyata, mbawa zimeshuka, kwenye mdomo ana damu iliyokauka. Wengine watatu vilevile. Nimewapa maji na majani mabichi, kamusi haina dawa. Baba kachungulia akasema, "Kideri." Kisha akasema neno ambalo kila mtu wa huku husema kuku wakiugua, neno la akili kabisa, ambalo hata mimi nimelisikia tangu nazaliwa bila kulishangaa:

"Wachinjwe kabla hawajafa wenyewe. Jumapili baba yake Kabula anakuja, na Kaka Andongwisye atakuwepo. Wote wanne. Watu washibe, na kila mkubwa apate firigisi yake, yasijirudie ya juzi."

Firigisi nne!


Ijumaa, 26 Juni

Nimefanya mazoezi kisimani, peke yangu. "Baba, hawana kideri. Baba, hawana kideri." Kisimani naongea vizuri mno.


Jumamosi, 27 Juni

Nimesema! Nimesema kwa mtu asiye sahihi, lakini nimesema.

Nilimfuata Shangazi jikoni, nikadhani mwanamke kwa mwanamke itakuwa rahisi. Nikasema yote kwa pumzi moja: panya wana sumu, kuku wamekula panya, Askari kala firigisi, kesho msichinje.

Shangazi akaweka mwiko chini. Kwa muda mfupi nilidhani ananielewa, maana alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "haya maneno kakupa Kabula."

"Hapana, Shangazi."

"Wewe tangu uzaliwe hujasema maneno kumi yakafuatana. Leo umesema hamsini. Sasa hayo ni yako? Kakulisha nini huyo? Anajua kesho baba yake anasikia kesi, leo kagundua firigisi ilikuwa na sumu! Yeye kageuka mwokozi!"

"Firigisi niliichukua mimi."

"Na hilo kakufundisha."

Nikatoka. Nilikuwa nimebeba ukweli mikononi, mzito kama gunia, na hapakuwa na mahali pa kuutua. Hivi ndivyo inavyokuwa, kumbe. Ukikaa kimya miaka kumi na sita, siku ukiongea watu wanamtafuta aliyekuazima sauti.

Shangazi si mbaya. Nimemtazama likizo hii nzima. Alimzika Mama, alininyoa nywele, alinifunga kitambaa cha msiba. Anailinda nyumba hii kwa silaha aliyonayo, na silaha yake ni kumjua nani ni wetu na nani si wetu. Ila kesho itaua watu.


Jumapili, 28 Juni, saa nane mchana

Naandika nikiwa sakafuni chumbani kwangu. Mgongo wangu uko mlangoni. Komeo nimelisukuma kwa ndani, na gunia la mahindi nimeliegemeza juu yake. Kwenye tenga kando yangu wako Komando na wenzake watatu. Huko nje wanagonga.

Niandike kwa utaratibu.

Mzee Mayala, baba yake Kabula, kafika saa tano kwa pikipiki, mrefu, fimbo mkononi, shuka limefungwa begani, vumbi la safari lote usoni. Huku kwetu baridi inamtetemesha lakini hajasema. Alimsalimia kila mtu, hata mimi, kwa mikono miwili. Alipomfikia Kabula alimtazama tu, na Kabula akatazama chini. Baba mkubwa Andongwisye akaanza na utani. "Karibu, mtu wa ng'ombe. Huku kwetu tunakula kuku, lakini wa kwetu huja nusunusu." Mzee Mayala akajibu taratibu, "Nimekuja kutafuta hiyo nusu nyingine." Wakacheka wote wawili kama watu wanaopimana uzito.

Kisha nikamwona Baba akinoa kisu kwenye jiwe lile lile ambalo Komando alimpigia panya. Maji ya moto yalikuwa tayari. Kabula kaagizwa awatoe kuku bandani. Kabula, ndiyo! Ili aonekane anashika kila kitu mbele ya macho ya watu.

Sikuamua. Miguu iliamua. Nilipita katikati ya wageni, mimi ninayezunguka nyumba kukwepa kuwasalimia, nikamnyang'anya Kabula tenga mkononi.

"Hawachinjwi," nikasema.

"Tumpe!" Shangazi.

"Hawachinjwi! Hawana kideri, wana sumu, na mkiwala mtakufa kama Askari, na firigisi niliichukua mimi, mimi Tumpe, hajanituma mtu!"

Ilitoka kubwa. Mbuzi waligeuka. Baba alibaki na kisu hewani, mdomo wazi. Kabula alishika kichwa kwa mikono miwili. Na Baba mkubwa, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichosema ni: "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekula firigisi yangu?"

"Sikuila. Ningeila ungenizika."

Shangazi akasema kwa wageni, pole pole, kama anayeomba radhi kwa ajili ya mgonjwa, kwamba mtoto huyu kalishwa maneno tangu jana, na aliyemlisha yupo hapa hapa uani. Nikawaona vichwa vinageuka kwa Kabula, kimoja baada ya kingine. Mzee Mayala naye akamgeukia, uso umemshuka. Sauti yangu ilikuwa imefanya kazi yote iliyoweza na haikutosha. Baba akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Lete tenga, mwanangu." Nikakimbia.

Sasa nimekaa hapa na nimekuwa nikisoma daftari hili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Tarehe 14. Tarehe 11, panya saba. Tarehe 9, kamusi. Tarehe 6, karatasi yenyewe imebandikwa kwa uji, na uji umekauka, hauwezi kuwa wa jana. Kabula hasomi Kiingereza. Kabula hakunipa tarehe hizi. Wasioamini mdomo wangu wataamini mwandiko wangu, maana huu Baba anaujua, ndio unaomwandikia barua zote za chama cha ushirika.

Lakini wakilisoma watasoma yote. Kwamba sikujua maneno mawili na nikaona aibu. Kwamba nilijua tangu tarehe 9 na nikala nao meza moja. Kwamba nilisimama nyuma ya mlango nikatazama matonge. Kwamba nimesema kuku ana ubishi kuliko kaka yangu. Kikombe cha bati kipo dirishani, nakiona kutoka hapa. Kinaweza kwenda kunyweshea kuku.

Wasome. Aliyekosea ni mimi na atakayesema ni mimi. Nimechoka kuwa yule wa kimya ambaye hakuna anayemtazama. Nimeona kinachotokea wakati hakuna anayenitazama: anatazamwa mwingine.

Kama mwanamke akila firigisi anaanza kujibu, basi mimi nimeanza bila hata kuionja.

Mjusi kapita ukutani, juu ya kitanda. Komando kamwona. Hawezi kusimama vizuri, mbawa zimelegea, damu mdomoni, lakini kainamisha kichwa. Anamtazama kwa jicho la kulia. Sasa la kushoto.

Wameacha kugonga muda sasa, na kelele za uani zimekoma. Kuna hatua zinarudi kwenye ukumbi. Buti za Baba, najua anavyoburuta la kushoto. Nyuma yake ndala za Shangazi. Nyuma yao fimbo inayogonga saruji taratibu, na miguu mitupu ya Kabula.

Mkono wangu umeanza kwenda wenyewe chini ya godoro na daftari, kama kila siku. Nimeurudisha.

Wamesimama. Baba hagongi. Anasema, "Tumpe, mwanangu, nifungulie unieleze," na kisu sikisikii.

Naliondoa gunia. Daftari nimelifungua tarehe 6, liko magotini, juu kabisa, lionekane kabla ya kitu kingine chochote. Nitawasomea kuanzia mstari wa nne.